Somo la Vipande Lililokimbiza Jengo Zima

Nimestaafu. Nina miaka ishirini na tano, meno yangu yote ninayo, na magoti hayalalamiki nikipanda ngazi. Lakini masomo yetu ya jioni hapa Berea, mtaa wa wageni Johannesburg, yana sheria ambayo wazazi waliipitisha zamani: msaidizi wa mwalimu awe kijana, na akifika umri huu ampishe mwenzake. Ijumaa wamenipigia makofi, wamenipa keki yenye maua ya sukari, na nikawa mstaafu. Shangazi yangu Mwanahawa, ninayekaa naye ghorofa ya nne, ameniuliza kama sasa nitaanza kukohoa asubuhi na kusema kwamba zamani watoto walikuwa na adabu. Nimemwambia anipe mpaka Jumapili nizoee.

Nawaandikia ninyi wawili mnaoanza Jumatatu. Mwalimu Mulamba alitaka niwaeleze kazi kwa mdomo, lakini kwa mdomo mimi huanza vizuri kisha naishia kutazama viatu vyangu. Kwa kalamu naenda polepole, maana shule yangu ni ya msingi tu, ila karatasi hainikodolei macho.

Madarasa mtayakuta chini ya jengo, mahali palipojengwa kwa ajili ya kuegesha magari. Wapangaji wetu hawana magari, kwa hiyo pamebaki pana na baridi, na mistari ya njano sakafuni imetugawia madarasa bila kutudai chochote. Watoto wadogo wanakaa karibu na ngazi, wa hesabu wako katikati, na historia iko mwisho kabisa, kando ya gari bovu lisilo na magurudumu ambalo hakuna anayejua ni la nani. Hilo gari ndilo maktaba. Vitabu vya hadithi viko kiti cha nyuma, ramani ziko kwenye buti. Mlango wa dereva haufunguki, msiuvute. Mtoto akitaka kusoma akiwa ameshika usukani, mwacheni asome.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa na haya kiasi kwamba hata dukani nilikuwa naonyesha kitu kwa kidole. Nilikuwa nimetoka Tanga si muda mrefu, na Shangazi alinishusha ngazi akiwa amenishika mkono kama anapeleka mtoto kudungwa sindano. Mwalimu Mulamba ni Mkongo wa Lubumbashi, mrefu, huvaa koti hata Januari jua likiwaka. Alifundisha sekondari kwao. Hapa Johannesburg analinda duka usiku na jioni anafundisha kwetu.

"Bon, dada," akaniuliza, "unajua kufanya nini?"

Sikujibu.

"Unapenda somo gani?"

Sikujibu.

Akapiga makofi mara moja. "Voilà! Mtu asiyeongea! Nimemtafuta huyu muda mrefu. Mimi naongea ya watu wawili."

Akanipa chaki na fagio, na hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Chaki ni kazi yenu kubwa, kwa hiyo nisikilizeni. Ile ya kwenye spaza, kile kiduka cha pembeni, inapukutika kama unga. Ilowekeni kwenye maji ya sukari, muianike, itaandika vizuri hata kwenye saruji. Sisimizi watakuja. Waacheni, wamehudhuria masomo mengi kuliko baadhi ya watoto. Ubao wetu ni sakafu yenyewe, kwa sababu Mwalimu Mulamba haamini somo la kukaa. Akifundisha jinsi wanaume walivyoletwa kwa treni kutoka Msumbiji, Malawi na kwingineko kuja kuchimba dhahabu hapa, watoto wote wanakuwa treni. Wanazunguka nguzo wakipuliza, kisha wanatambaa chini ya meza kwenye giza, na juu ya meza anakaa mtoto mmoja anakula ndizi. Huyo ndiye mwenye mgodi. Kila mtoto anataka kuwa yeye, na baada ya somo kila mtoto amemkasirikia. Hakuna haja ya kueleza sana.

Mtawasemesha Kiswahili na watawajibu Kiingereza au Kizulu. Msivunjike moyo, wanaelewa kila kitu, hasa yale msiyotaka waelewe. Mimi walinicheka wiki nzima. "Dada Zuhura, unaongea kama redio ya bibi!" Nilikwenda kujificha maktaba, nikakaa kiti cha abiria, nikakuta mtoto mwingine ameshajificha hapo. Tukasalimiana.

Mtoto huyo alikuwa Junior, na ndiye aliyetuletea kesi ngumu kuliko zote nilizoziona.

Junior alikuwa na miaka kumi. Mama yake, Mama Junior, ni Mkongo kama Mwalimu, anasuka nywele kwenye saluni iliyo barabarani, mlango wa pili kutoka kwetu, na mwanawe amezaliwa hapahapa Johannesburg. Asubuhi anasoma shule ya serikali na jioni anakuja kwetu. Siku moja alikuja na mfuko wa shati umechanika. Shuleni kwao walikuwa wamefundishwa habari za makaburu: jinsi mtu mweusi alivyopangiwa pa kukaa, pa kupita, hata benchi la kukalia. Junior alinyoosha mkono kujibu swali. Nje, wakati wa mapumziko, mvulana mmoja akamwambia, "Funga kitabu, kwerekwere. Hayo ni mambo yetu." Kwerekwere ni jina wanaloitwa wageni wa kutoka nchi nyingine za Afrika, na halisemwi kwa mapenzi.

"Mwalimu," Junior akasema, "niondoe kwenye historia. Niweke hesabu. Hiyo historia ina wenyewe."

Mwalimu Mulamba akaweka chaki chini. Watoto wakamzunguka Junior, na niliona vichwa viwili vitatu vikitikisika kumkubali. Nao walikuwa wameambiwa. Walikuwa hawajasema tu.

Jioni hiyo, watoto walipoondoka, Mwalimu alizunguka nguzo kama treni iliyopoteza mabehewa. "Dada, hawa wakitoka kwangu wakiamini historia ina wenyewe na wageni, mimi nimefundisha nini?" Kisha akasimama. "Tutawafundisha dompas. Kwa miguu."

Dompas ni kile kitabu ambacho mtu mweusi alilazimika kukibeba kila aendako enzi za makaburu, kimesainiwa na mwajiri, akikutwa bila nacho analala jela. Mwalimu akaniuliza tutakiitaje kwa Kiswahili. Nami, nikitazama viatu vyangu, nikasema, "Kipande." Kwetu Tanga, babu wa baba yangu alikuwa anabeba kipande, kadi ya kazi ya enzi za wakoloni, kwenye mashamba ya mkonge, na neno hilo bado liko nyumbani kama sufuria la zamani. Mwalimu alifurahi mpaka akavua koti.

Tukamtafuta Gogo Thandi atusaidie. Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, ndiye mtunza jengo letu, mtatambulishwa naye mtake msitake. Alizaliwa Alexandra, hapahapa Johannesburg, ana karibu miaka sabini, na Kiswahili amejifunzia kwenye ngazi zetu, akiokota cha Lubumbashi ghorofa ya kwanza na cha Tanga ghorofa ya nne. Alipokuwa msichana alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za wazungu.

"Mnataka niwe polisi?" akauliza. "Mimi? Waliyenikamata mara nyingi hivi?"

"Gogo, ukiona ni vibaya..."

"Hawu, wewe Mulamba, nimengoja maisha yangu yote! Nitafutieni kofia."

Tulijiandaa kwa furaha ya kijinga kabisa. Nilikata maboksi ya nafaka nikatengeneza vipande, nikatoboa, nikatia kamba za shingoni. Pale mlangoni pa maegesho kuna ile boriti nyekundu na nyeupe ya kuzuia magari, ya kuinua kwa mkono. Nikaipaka mafuta ya kupikia ipande bila kupiga kelele. Fundi cherehani mmoja akatupa kofia. Gogo akaja na filimbi yake mwenyewe. Tulifikiria kila kitu isipokuwa kwamba tuko Berea.

Somo lilianza vizuri ajabu. Gogo alisimama kwenye boriti, kofia imemfunika nyusi. "Kipande!" anapiga kelele. "Nani bosi wako? Sahihi iko wapi? Hii ya mwezi jana! Jela!" Jela ilikuwa nafasi moja ya gari kando ya tangi la maji. Watoto walijaa jela wakicheka mpaka wakapaliwa. Kisha kicheko kikaanza kupungua chenyewe, kwa sababu Gogo alikuwa anajua kazi. Alimrudisha mtoto kwa sababu kipande kimekunjamana. Alimfunga mwingine aliyekwenda kutupa takataka na kukiacha kipande darasani. "Lakini nilikuwa naenda hapo tu!" mtoto akalia. "Nami nilikuwa naenda hapo tu," Gogo akasema.

Junior alikataa kufungwa. Akapenya chini ya boriti, akatoka mbio barabarani, na Gogo, amesahau kabisa umri wake, akatoka nyuma yake na kofia kichwani, akipuliza filimbi. Watoto wengine nao wakapanda ngazi wakikimbia, wamo ndani ya mchezo kwa roho zao zote, wakipiga kelele kwa lugha zote tatu: "Polisi! Polisi wako chini! Wanaomba karatasi!"

Sijui niwaelezeje kilichofuata. Jengo la ghorofa sita lilinyamaza kwa pumzi moja, kisha likakimbia. Milango iligongwa kama mvua ya mawe. Mtu wa matunda aliacha meza, maembe yakateremka mtaani yenyewe. Fundi simu wa kwenye robot, zile taa za barabarani, alifungia duka akiwa ndani, na mteja akiwa nje na simu yake ikiwa ndani. Mama Junior alitoka saluni na kitana mkononi, akavuka barabara bila kutazama, na mteja wake akamfuata, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nyingine imesimama kama imeshangaa. Na katikati ya hayo yote Gogo, ambaye hakuelewa kwa nini watu wanakimbia, akawakimbilia kuwauliza. Na filimbi.

Nilipanda ghorofa ya nne kumtafuta Shangazi. Nilimkuta ndani ya kabati la nguo, amekumbatia beseni la unga wa chapati.

"Shangazi, ni somo tu! Toka! Wewe karatasi za kuishi hapa unazo!"

"Ninazo," akasema kutoka kwenye makoti. "Miguu haikuuliza."

Ilipojulikana kwamba polisi ni Gogo, hakuna aliyecheka. Mama Junior alishuka kwenye maegesho anahema, kitana bado mkononi, mteja bado nyuma yake.

"Mwalimu! Siye tunaishi na huu woga kila siku, na weye unaufanya muchezo wa batoto?"

"Mama Junior, pardon, sikufikiri..."

"Basi mimi nimefikiri. Batoto bafundishwe hesabu. Hesabu haijawahi kuita polisi."

Wazazi ndio wanaolipia maegesho, kwa hiyo wao ndio wenye neno la mwisho. Wakaitisha kikao Jumapili alasiri, na jambo lilikuwa moja: kufuta historia. Mwalimu Mulamba aliniambia wakifuta hatagombana nao, atafundisha hesabu. Alisema hivyo huku akifuta ramani ya Afrika sakafuni, kabla hata hajaambiwa. Nikamnyang'anya fagio. Hilo ndilo tendo la ujasiri kuliko yote katika utumishi wangu, naomba liandikwe.

Jumapili wazazi walijaa, kila mmoja na kiti chake kutoka nyumbani. Mwalimu alikuwa ameandaa hotuba. Ilikuwa nzuri na ndefu, na Kifaransa chake kilipoanza kuongezeka niliona wanaume wanatazama saa. Mama Junior akasimama.

"Tumesikia. Tupige kura, chakula yangu iko ku moto."

"Ngojeni," Gogo akasema kutoka nyuma. Alikuwa amekaa kwenye maktaba, mguu mmoja nje. "Kabla ya kura nataka kujua kitu kimoja. Mlijificha wapi?"

Watu wakatazamana.

"Mimi nilipita jengo zima na sikumkuta mtu. Nilitunza hoteli, nilitunza ofisi, sijawahi kuona kazi safi namna hiyo. Mama Zuhura, wewe wapi?" Shangazi si mama yangu, lakini kwa Gogo kila mtu ni mama wa mtu.

"Kabatini," Shangazi akasema kwa hasira. "Na unga."

"Kabati ni la kwanza kufunguliwa. Umefeli. Wewe, fundi?"

Fundi cherehani akakohoa. Siku ile alikuwa amevaa suti ya bwana harusi ya mteja, akasimama dirishani katikati ya zile sanamu za kuvalisha nguo. Mtoto mmoja alikuja akamtikisa mkono. Hakupepesa.

Hapo mtu mmoja alicheka puani, kisha mwingine, na kikao kikaharibika kabisa. Wote walitaka kusema. Mmoja alilala ndani ya beseni la kuogea, akamkuta jirani yake humo. Mwingine alipanda paa akakumbuka huko kwamba anaogopa urefu, akashushwa na watu waliokuwa wanakimbia. Gogo alitoa alama kama mwalimu mkuu.

"Na wewe, Gogo?" Junior akauliza. "Wewe ulijificha wapi? Zamani."

"Kwenye kapu la nguo chafu, kwa madamu niliyemfanyia kazi. Polisi waliingia jikoni, madamu akawapa chai, mmoja akakosa kiti. Akakalia kapu." Akangoja tunyamaze. "Alikuwa mnene, yule mtu. Nilimbeba mpaka akamaliza chai na biskuti."

Watu walilia kwa kucheka. Fundi cherehani alianguka na kiti chake.

"Ulikuwa huna kipande?" Junior akauliza.

"Nilikuwa nacho. Mfukoni, hapa."

"Sasa kwa nini ulijificha?"

Gogo akageuka. Alikuwa anamtazama Mama Junior, na wote tukamtazama, na kicheko kikatulia taratibu.

"Sababu hata karatasi ukiwa nayo," Mama Junior akamwambia mwanawe, "wanaweza kuitazama na kusema ni ya uongo. Halafu utafanya aje?"

"Yebo," Gogo akasema. "Hivyohivyo."

Junior alimtazama Gogo, akamtazama mama yake, na niliona anawaweka mahali pamoja kichwani mwake. Kisha, kwa kuwa alikuwa na miaka kumi, akauliza, "Kati yenu nani alikimbia haraka?"

"Mimi," Mama Junior akasema.

"Wewe?" Gogo akatoka kwenye gari. "Na viatu vile? Mimi hata mbwa alishindwa kunikamata!"

"Mbwa gani, Gogo? Mbwa muzee?"

Nani aliyesema washindane, sijui hadi leo. Najua tu kwamba mimi ndiye niliyeshika boriti, kwamba walipanga mstari ukutani mmoja amevua viatu na mwingine amepandisha sketi, na kwamba wazazi waliokuja kufuta historia walikuwa wamesimama juu ya viti wakipiga makelele mpaka vumbi likadondoka darini. Gogo aliondoka kabla ya kuhesabiwa. Mama Junior alimpita kwenye nguzo ya pili. Gogo akapuliza filimbi, Mama Junior akasita kidogo tu, miguu yake haikuuliza, na Gogo akapita chini ya boriti wa kwanza mikono juu. Walishikana huko nje, wanacheka, hawawezi kusimama, mmoja anamwita mwenzake mwizi.

Mama Junior alirudi ndani akiwa hana pumzi, akakaa.

"Historia ibaki," akasema. "Lakini mutuambie mbele ya somo. Na ile filimbi, Gogo, tutaizika."

Hakuna aliyekumbuka kupiga kura. Mwalimu Mulamba alikuwa ameshapiga magoti sakafuni anarudishia Msumbiji kwa chaki, na hakutaka mtu aone uso wake. Junior alirudi historia kesho yake. Baada ya muda alikuja na yule mvulana aliyemwambia afunge kitabu, anataka kumwona Gogo aliyekaliwa na polisi. Gogo alimwuliza mvulana, bibi yake mwenyewe alijificha wapi. Mvulana hakujua. Alirudishwa nyumbani akaulize, na alirudi na jibu refu kiasi kwamba tulichelewa kufunga.

Kwenye kikao kile ndipo ilipotoka kazi ambayo hamtaikuta imeelezwa mahali popote, nami nimeifanya kwa miaka yangu yote iliyobaki. Kila siku ya historia, kabla ya watoto kushuka, msaidizi hupita mlango hadi mlango, ghorofa zote, kuwaambia watu tunafundisha nini. Kwa mtu mwenye haya ni adhabu kamili, nisiwafiche. Mlango wa kwanza nilisimama mpaka mwenye nyumba akatoka kutupa takataka akanikuta. Lakini mtazoea, na milango italipa. Ukisema leo ni migodi, mzee wa ghorofa ya pili atakwambia subiri, atavaa shati, atashuka. Ukisema leo ni shule za zamani, mtu atakuuliza kama anaweza kuja kusikiliza tu, amekaa na watoto wadogo, hatasumbua.

Jumatatu yenu ya kwanza ni somo la vipande. Anzeni juu, mshuke. Msigonge kwa ngumi, gongeni kwa kidole kimoja, na mtaje majina yenu kabla ya kugonga, si baada. Semeni, "Hodi, ni historia." Ndani patakuwa kimya kwanza. Msiondoke. Mtasikia kiti kikirudishwa mahali pake, kisha mtu atacheka. Akishacheka, nendeni mlango unaofuata.